Gauni la Kwenye Picha

Jumatatu, 3 Machi

Nimegombana na Fundi. Fundi cherehani, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mtu mpole mpaka anakera. Aliniletea sanamu lake lisilo na kichwa, limevaa gauni alilomshonea dada wa mapokezi wa hoteli, akaomba picha moja kubwa ya kutundika dukani kabla mwenye gauni hajalichukua. Nikampigia. Nikaisafisha mwenyewe kwenye chumba cha giza, nikaikausha, nikaitia fremu, nikampelekea nimeibeba kwa mikono miwili.

Akaitazama. Akaigeuza nyuma. Akauliza rangi iko wapi.

Nikamweleza. Rangi ni kelele. Gauni la rangi ya chungwa ukilipiga kwa rangi, mtu anaona chungwa basi, haoni kingine. Ukilipiga nyeusi na nyeupe anaona mshono — kola ilivyosimama, marinda yalivyoanguka, kiuno kilivyobanwa. Nimeipa kazi yake heshima, mtu yule! Akasema, kwa upole wake huo huo, kwamba picha yangu inafanana na tangazo la msiba, na wateja wake hawaji kununua vivuli.

Nimeichukua picha yangu nikarudi nayo. Nimeitundika studio, mbele kabisa, aione kila akifungua duka. Na barabara ile sivuki tena. Akinihitaji avuke yeye.

Nyumbani nako hakukaliki. Mdogo wangu Kitinda — ndiye kitindamimba, jina limemganda — anaolewa tarehe 29 mwezi huu. Anaolewa, yaani, kama ataolewa. Harusi imeshaahirishwa mara mbili na sababu ni ile ile: sare za kina mama. Mama yetu anataka zambarau kwa pande zote. Mama wa bwana harusi anataka kijani kwa pande zote. Huyo wa pili mimi namwita Mwenyekiti, maana hata akikaa kwenye kigoda utadhani anafungua mkutano.

Bwana harusi ni fundi wa lifti. Jana amemwambia Kitinda: lifti ikikwama mara ya tatu hatuitengenezi, tunabandika kibao cha HAITUMIKI. Kitinda amelia mpaka sauti imekauka. Anampenda yule kijana, na yule kijana hatanii.

Jumatano, 5 Machi

Mama alipita studio kuniletea funguo nilizosahau mezani. Alianza kuongea tangu nje, habari za "yule mwanamke" — jina la Mwenyekiti halimtoki mdomoni — mara akanyamaza. Mama kunyamaza ni tukio. Nikageuka. Amesimama mbele ya picha ya gauni.

Akasema, hii ndiyo. Hii ndiyo zambarau yangu niliyokuwa nawaambia siku zote. Imekolea lakini haipigi kelele.

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Mama yangu, ambaye miaka yote kazi yangu anaiita masizi, ameshika fremu kwa ncha za vidole na kusema mwanangu, una jicho. Sasa hapo ningesema nini? Kwamba Mama, hilo ni chungwa la mapokezi ya hoteli? Sifa hiyo nimeisubiri tangu naanza kazi. Nimeimeza nzima nzima.

Akataka nakala ndogo. Nikamsafishia, akaondoka nayo kwenye mkoba.

Alhamisi, 6 Machi

Haya sasa. Leo kaja Mwenyekiti, picha za pasipoti.

Pasipoti napiga kwa rangi, kwa kamera ya dijitali. Serikali haina ladha. Nikamkalisha kwenye stuli, nikamwomba ashushe kidevu kidogo. Akakipandisha. Macho yakapita juu ya bega langu, yakagota ukutani.

Kijani kile kile, akasema. Kijani cha jani lililokomaa. Nani amewaambia?

Nikauliza, nani kamwambia nani nini?

Akasema, basi mama yako amekubali, ila hana mdomo wa kusema. Ameinuka kwenye stuli, kaisogelea picha, kaipapasa kama anapima kitambaa. Machozi yamemlengalenga, naapa. Naye akataka nakala. Nikampa. Sikusema zambarau, sikusema kijani, sikusema chungwa. Nilijitia hamnazo, nikawa nakata pasipoti kwa mkasi.

Nimejiambia hivi: watafika kwa Fundi, Fundi atawauliza rangi, kila mmoja atataja yake, kila upande utashonewa yake. Mambo yatajinyoosha yenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Wamepigiana simu. Mama na Mwenyekiti, kwa hiari yao, bila mshenga katikati. Mama aliweka spika tukasikia sebule nzima.

Umeiona ile ya kwenye picha? Nimeiona. Mimi nataka ile ile. Hata mimi, ile ile. Basi yameisha? Yameisha. Mama akasema tusameheane, na huko upande wa pili mtu akapenga kamasi.

Kitinda alinirukia shingoni. Dada, anasema, picha yako moja imeweza walichoshindwa wazee wa pande mbili. Nilijisikia — basi, acha nijisifu, hapa hakuna anayesoma — nilijisikia mkubwa.

Halafu akaharibu. Akaomba harusi niipige kwa rangi. Nikamwambia zawadi yangu kwake ni albamu nzima ya nyeusi na nyeupe, kitu cha kudumu. Akasema dada, mimi nikizeeka nataka nikumbuke maua yalikuwa rangi gani. Nikamwambia maua ni maua. Akanuna. Nami nikanuna.

Jumapili, 9 Machi

Bwana harusi amekuja kunishukuru. Mtu wa maneno machache. Amekaa, ametazama ile picha kwa makini, kaniuliza: shemeji, hiyo ni rangi gani hasa? Nikasema, ya kwenye picha. Akacheka, akadhani natania.

Akasema amehamishiwa mji mwingine, anaanza Aprili. Jengo refu, lifti nyingi. Nyumba ya huko ameshapata, na amemwambia mama yake: naenda na mke au naenda peke yangu, lakini wa kunisubirisha tena hayupo. Alisema kwa utulivu tu, huku anafungua na kufunga mlango wa kabati langu unaolia. Alipoondoka ulikuwa haulii tena.

Kijana mzuri. 

Jumanne, 11 Machi

Leo nimemwona Mama akiingia kwa Fundi. Ametoka anatabasamu. Mchana nimemwona Mwenyekiti. Naye ametoka anatabasamu.

Haiwezekani. Watu wawili wenye rangi mbili hawatoki kwa fundi mmoja wote wanatabasamu.

Ningevuka nikaulize. Lakini nilisema sivuki. Na yeye kila asubuhi ananipungia mkono kana kwamba hakunitukana, nami najifanya nafuta kioo. Studio yangu haijawahi kuwa na kioo kisafi namna hii.

Ijumaa, 14 Machi

Nimevuka.

Fundi ameletewa jora zima la kitambaa. Nimeliona nikiwa dirishani kwangu, na nadhani hata rubani angeliona. Chungwa. Chungwa lisilo na huruma.

Nimevuka bila kutazama, gari limenipigia honi na matusi. Fundi yuko mezani na mkasi wake, vipande vimeshapangwa, mikono huku, kola huku. Karibu jirani, anasema, umepotea.

Nikamuuliza nani amekuagiza rangi hii. Akashangaa. Akasema wote wawili. Kila mmoja nilimuuliza rangi, kila mmoja akasema kama ya kwenye picha, hata nakala akanionyesha. Na gauni la kwenye picha si nimelishona mimi? Nimekitafuta kitambaa kile kile, kilibaki kwa muuza mapazia, nimezunguka mji mzima. Sikutaka kuwaangusha.

Nikamuuliza kama kinaweza kutiwa rangi nyingine. Akasema hiki hakinywi rangi, kinaitema. Jora jingine? Halitafika kabla ya harusi, na likifika hatalimaliza kushona. Halafu akasema — hapa ndipo nilipotamani kumng'ata — akasema, bila ubaya wowote: nilikuuliza mapema, jirani. Rangi iko wapi.

 Amenivutia kiti. Tumekaa, yeye na mimi na lile chungwa.

Jumapili, 16 Machi

Nimejaribu kuwazungukia kwa mbali.

Kwa Mama nikasema, siku hizi watu wanapenda sana chungwa. Akasema ndiyo, wale wanaochimba barabara, magari yasiwagonge. Nikasema lakini linang'aa. Akasema hata moto unang'aa, hatuuvai.

Kwa Mwenyekiti nimejipeleka na picha zake za pasipoti alizozisahau studio. Nikamuuliza angelionaje chungwa, mfano tu, mfano. Akanipandisha akanishusha. Akasema: mama yako ndiye amekutuma? Anataka kugeuka sasa? Kamwambie kijani tulishakubaliana, akigeuka na mimi nageuka. Nikasema hapana Mama, hapana, nilikuwa nawaza kwa sauti tu. Nimetoka pale nimelowa jasho mpaka mgongoni, pasipoti nimesahau kumpa.

Nikisema, mimi ndiye niliyeivunja harusi ya mdogo wangu. Nisiposema, watajionea wenyewe Jumamosi siku ya kujaribu nguo, na bado ni mimi. Mficha maradhi kifo humuumbua, Mama anapenda sana kutuambia. Nilikuwa nadhani ni habari ya watu wengine.

Jumanne, 18 Machi

Nimemwambia Kitinda.

Alikuja kuchagua fremu. Nikamkalisha kwenye stuli ya wateja, nikamweleza yote bila kupumua: zambarau ya Mama, kijani cha Mwenyekiti, hoteli, jora. Hakunikatiza. Aligeuka akaitazama ile picha ukutani, akaitazama sana.

Mimi muda wote nilikuwa naona pinki, akasema.

Akacheka. Kicheko kikageuka njiani kikawa kilio. Akasema dada, watu wanapatana juu ya kitu ambacho hakipo, na wewe uko pale unakata pasipoti? Raha gani hiyo uliyokuwa unaipata?  Jibu nilikuwa nalo, lakini halisemeki: raha ya kusifiwa na Mama. Nikasema nisamehe. Akasema kamwombe msamaha mume wangu, kama atakuwa mume wangu.

Nikasema naenda kwa Mama sasa hivi. Nimeshachukua mkoba. Akanishika mkono. Amejifuta uso kwa kile kitambaa changu cha lensi — kisichoguswa na mtu, lakini leo sikusema kitu — akawaza. Kisha akasema: ukiwaambia mmoja mmoja, kila mmoja ataamini mwenzake ndiye kamchezea. Waone pamoja. Mara moja. Mbele ya mtu mmoja wa kulaumiwa.

Akaninyooshea kidole.

Nguo zitajaribiwa hapa studio, si kwa Fundi. Jumamosi. Na wewe dada, usikimbie, akasema. Huyu mtoto nimembeba mgongoni mimi, na leo ananipanga kama askari wake.

Ijumaa, 21 Machi

Sina hamu ya kitu. Nimempiga mtu pasipoti amefumba macho, nikamkabidhi, akaipokea, akaondoka. Wote hatukuona.

Jumamosi, 22 Machi

Naandikia ndani ya chumba cha giza. Mlango nimeufunga kwa ndani na taa nyekundu inawaka. Watu wote wanaonijua wanajua: taa ikiwaka mlango haufunguliwi, karatasi zitaharibika. Hakuna karatasi yoyote humu. Kuna mimi, beseni kavu, na kamera zangu mbili nilizozibeba kwa hofu ya kurushiwa.

Mama na Mwenyekiti walikuja asubuhi, wameshikana mikono kama wanafunzi. Fundi akaingia na magauni begani, yamefunikwa shuka. Kitinda akasimama mlangoni nyuma yao ili mtu asitoke. Fundi akanitazama. Mimi nikatazama dari. Akavuta shuka.

Wakayatazama magauni. Kisha wakageukiana, taratibu, na nikaona midomo yote miwili inafunguka kutoa neno moja — umenigeuka — na hapo miguu yangu ikaenda mbele yenyewe. Nikasema ni mimi. Gauni lilikuwa chungwa tangu siku ya kwanza. Wewe Mama uliona zambarau, na wewe Mama uliona kijani, na mimi nilijua na nikanyamaza kwa sababu mlinisifu.

Mama akakaa. Mwenyekiti akakaa. Benchi moja, studio haina jingine. Halafu wakaanza.

Mama akasema huyu ni tangu utoto. Mwenyekiti akasema, anaonekana. Mama akasema hata kalamu za rangi alikuwa anazikataa, anataka penseli. Mwenyekiti akasema hicho ni kiburi. Mama akasema hilo ndilo neno nililokuwa nalitafuta miaka yote, kiburi, asante. Wanapokezana kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Fundi akajaribu kuomba radhi, wakamwambia wewe nyamaza baba, wewe umefanya ulichoambiwa. Nyuma yao Kitinda alikuwa anang'ata kucha, lakini macho yanacheka.

Ndipo nikawaambia nina karatasi kwenye dawa, nikakimbilia humu.

Nawasikia kupitia mlango. Mama amevaa lake: navaa tu muone ubaya wake. Fundi ametolewa nje. Sasa Mwenyekiti naye anavaa, kwa sababu hiyo hiyo. Mama anamwambia, mkwe mwenzangu, vuta pumzi nifunge hii zipu.

Mkwe mwenzangu. Nimesikia sawasawa.

Sasa wanagombania kioo. Mwenyekiti anakiri kwamba kiuno kimekaa. Mama anasema tazama hii kola, inanyanyua shingo. Anauliza anavyoonekana kwa nyuma. Mwenyekiti anasema kwa nyuma ni msichana. Wanacheka, wote wawili, kisha wanakumbuka kuwa wamekasirika.

Sasa wanaongea chini chini, ile sauti ya kamati. Nimebandika sikio mlangoni, naandika nimesimama.

Mwenyekiti anasema siku za kuahirisha hazipo tena. Mwanangu akisema anaenda, anaenda. Watoto wasiumie kwa kosa la mpiga picha. Tuvae. Mama anasema tuvae. Lakini kwa sharti moja, anasema Mwenyekiti: picha zote, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, nyeusi na nyeupe. Wajukuu wasijue kamwe. Mama anasema, hapo umenena.

Nimeegemea ukuta. Harusi ipo. Harusi ipo, na albamu nzima ya nyeusi na nyeupe, na wameiomba wao. Machozi yananitoka mimi mtu mzima, peke yangu, mbele ya beseni kavu.

Mama anasema: na wajukuu wakituuliza, tutawaambia ilikuwa zambarau.

Kijani, anasema Mwenyekiti.

Mkwe mwenzangu, picha haitaonyesha chochote. Inakuuma nini tukisema zambarau?

Na wewe inakuuma nini tukisema kijani?

Benchi limesukumwa. Mtu kasimama. Mama anasema kumbe ndivyo ulivyo. Mwenyekiti anasema niliambiwa, nikabisha. Nasikia zipu inashuka.

Kitinda anakwaruza mlango. Ananong'ona kwenye tundu la ufunguo: dada, toka na ile kamera ya rangi, wapige sasa hivi kabla hawajavua. Ikishakuwa picha ya rangi hakuna tena wa zambarau wala wa kijani. Dada, nakuomba.

Ile ya filamu ina mkanda mpya ndani, wa nyeusi na nyeupe, nimeuweka jana kwa ajili ya harusi. Naiona hapo rafuni.

Mwenyekiti anauliza viatu vyake viko wapi.

Nimeshaivaa ya rangi shingoni. Zipu ya pili inaanza kushuka. Nafungua mlango.